Kwa nini nyota aliyetabiriwa makubwa bado yuko ligi ndogo akiwa na miaka 31?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mama wa Kigoma ninayeishi Des Moines, jimbo la Iowa, hapa Marekani. Msimu uliopita mwanangu wa miaka 13 alinipeleka mara kadhaa kuwatazama Iowa Cubs, timu ya besiboli ya hapa, na kuna mchezaji mmoja tuliyempenda sana. Ana miaka 31. Mzee aliyeketi karibu nasi alitueleza kwamba alipomaliza sekondari alichaguliwa raundi ya kwanza, akapewa mamilioni ya dola, na magazeti yakamwandika kuwa ndiye nyota ajaye. Sisi tunamwona anapiga vizuri kuliko vijana wote anaocheza nao. Kwa nini hapandishwi? Na kama hapandishwi, kwa nini asiache akatafute kazi nyingine? Je, mwakani tutamwona tena?

JIBU: Marahaba, mama. Mchezaji huyo sitamjadili yeye mwenyewe, kwa kuwa hali ya mwili wake na masharti ya mkataba wake wanayajua watu wachache, nami si mmoja wao. Nitakueleza mfumo uliomfikisha hapo alipo, nikitumia wachezaji ambao habari zao ziko wazi kwa kila mtu. Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukijua ninakoelekea: katika umri huo, kinachomzuia mpigaji wa aina yake mara nyingi si kushindwa kupiga, bali ni orodha moja ya majina 40 ambayo jina lake halimo, na klabu haina sababu ya kutosha ya kumfuta mtu mwingine ili imwandike yeye.

Kwanza tuweke sawa jambo moja ambalo huwachanganya wengi wetu tuliokulia kwenye kandanda. Kwetu, timu ya daraja la kwanza ikishinda sana hupanda ligi kuu, na wachezaji hupanda nayo. Katika besiboli ya Marekani timu haipandi wala haishuki. Klabu 30 za ligi kuu zina timu 120 za ligi ndogo chini yake, nne kwa kila klabu, zilizopangwa kwa ngazi, na ngazi ya juu kabisa huitwa AAA. Iowa Cubs ni timu ya AAA ya Chicago Cubs tangu mwaka 1981. Wachezaji unaowaona Principal Park wamesaini na Chicago, wanalipwa na Chicago, na kocha wao hupokea maagizo kutoka Chicago kuhusu nani acheze, siku ngapi, na mrushaji gani (yule anayemrushia mpigaji mpira) asizidishe mipira mingapi. Ushindi wa Iowa unawafurahisha watu wa Des Moines, na una haki ya kuwafurahisha, lakini timu haikuwekwa hapo kwa ajili ya ushindi. Imewekwa ili kukuza vijana na kuhifadhi watu wa akiba. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mpigaji bora wa timu nzima na bado asiwe yule ambaye klabu inamngojea.

Sasa turudi kwenye ile raundi ya kwanza na zile fedha. Klabu za ligi kuu zimekuwa zikigawana vijana kwa drafti, yaani kuchagua kwa zamu, tangu mwaka 1965. Siku hizi hufanyika mwezi Julai na ina raundi 20. Anayechaguliwa raundi ya kwanza akiwa na miaka 18 hajathibitisha lolote dhidi ya watu wazima. Wasaka vipaji wamempima urefu, mbio, nguvu za mkono na wepesi wa kuzungusha gongo, kisha wakakisia mwili huo na akili hiyo vitakuwaje akifika miaka 25. Ni sawa na kununua belo la mitumba: umelipia gredi ya kwanza, umeona nguo mbili tatu za juu, na nyingine utazijua ukishalifungua. Mwaka 1966 New York Mets, wakiwa na uteuzi wa kwanza, walimchukua Steve Chilcott, mdakaji wa mipira ya mrushaji. Athletics waliofuata wakamchukua Reggie Jackson. Jackson leo yumo katika Jumba la Mashuhuri wa besiboli. Chilcott aliumia bega na hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu.

Hata hivyo, makosa ya wasaka vipaji ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mwili. Brien Taylor, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Beaufort, North Carolina, alikuwa uteuzi wa kwanza wa mwaka 1991, na New York Yankees wakampa dola milioni 1.55 ili asaini, kiasi ambacho hakuna kijana wa drafti aliyewahi kukipata kabla yake. Na kwa miaka miwili alifanya kila alichotarajiwa kufanya: mwaka 1993, akiwa ngazi ya AA, moja chini ya AAA, alishinda mechi 13 na kupoteza 7. Desemba ya mwaka huohuo akaingia kwenye ugomvi akimtetea kaka yake, akaumia bega la kushoto, bega lenyewe la kurushia. Alifanyiwa upasuaji, msimu wote wa 1994 ukampita, na aliporudi ile kasi haikurudi naye. Aliendelea kujaribu hadi mwaka 2000, mara nyingi katika ngazi za chini kuliko ile aliyokuwa ameshaishinda, na ligi kuu hakuigusa. Ukimtaja mbele ya mashabiki wa zamani wa Yankees watakwambia alipoteza bahati yake. Mimi naona aliyepoteza ni klabu iliyotia dau kwenye kiungo kimoja cha mwili wa binadamu, kiungo ambacho hata bila ugomvi huharibika kwa warushaji wengi.

Mfano wa pili unaihusu timu yenu ya Iowa kwa karibu. Mwaka 2013 Houston Astros walikuwa na uteuzi wa kwanza, wakamchagua Mark Appel, mrushaji aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford, wakamlipa dola milioni 6.35. Waliofuata walikuwa Chicago Cubs, nao wakamchukua Kris Bryant. Bryant alipita Des Moines mwaka 2014, mwaka 2015 akapanda Chicago, na mwaka 2016 akawa mchezaji bora wa ligi yake na bingwa wa ligi kuu pamoja na Cubs. Appel katika miaka hiyo alikuwa anahangaika katika ligi ndogo, bega na kiwiko vikimsumbua. Akahamishiwa Philadelphia Phillies, na mwanzoni mwa 2018 akatangaza kwamba anapumzika. Alirudi mwaka 2021. Tarehe 29 Juni 2022, miaka tisa baada ya kuchaguliwa na akiwa na miaka 30, Phillies walimpeleka kilimani, pale anaposimama mrushaji, dhidi ya Atlanta Braves, akarusha awamu moja bila kuruhusu alama. Alicheza mechi sita tu za ligi kuu msimu huo, na hizo ndizo mechi zake zote. Je, huyo ameshindwa? Ukimpima kwa dola milioni 6.35 utasema ndiyo. Ukimpima kwa idadi ya vijana duniani wanaorusha mpira na kutamani kusimama pale, utapata jibu jingine, na nadhani yeye mwenyewe anajua lipi ni lake.

Lakini wewe umeniambia unamwona mtu wako akipiga vizuri, na macho yako hayajakudanganya. Kuna wapigaji ambao AAA wanaimudu kabisa, tena mwaka baada ya mwaka, ila wakipandishwa wanazama. Ili uone kwa nini, simama pale anaposimama mpigaji. Kutoka kilima cha mrushaji hadi kwake ni mita 18.44. Mpira wa kasi ya maili 95 kwa saa, yaani kilomita 153, unamfikia kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde tangu unapotoka mkononi. Kuzungusha gongo kwenyewe kunakula sehemu kubwa ya muda huo, kwa hiyo uamuzi wa kupiga au kuacha lazima ufanyike mpira ukiwa karibu na katikati ya safari. Mpigaji haoni kisha akaamua. Anakisia kutokana na mkono, mzunguko wa mpira na mazoea ya mrushaji, halafu anatumaini kwamba amekisia vizuri.

AAA ina warushaji wengi wenye kasi hiyo. Wanachokosa wengi wao ni uwezo wa kuupeleka mpira palepale wanapotaka mara tano mfululizo. Watarusha mpira mmoja mzuri kifuani, wa pili utatoka nje mno, na wa tatu utakaa katikati, na huo wa tatu ndio mtu wako anaoupiga ukavuka uzio nanyi mkainuka mkishangilia. Kule juu mpira huo wa katikati hauji mara kwa mara. Zaidi ya hapo, klabu za ligi kuu zina wachambuzi wanaotazama kila mpira aliowahi kurushiwa. Wakigundua kwamba mpira wa kasi wa juu na wa ndani unamchelewesha, au kwamba ule unaoanza usawa wa kiuno kisha ukateleza nje unamvuta, basi hatarushiwa kitu kingine mpaka athibitishe kwamba amejirekebisha. Kijana wa miaka 22 atapewa miezi ya kujirekebisha. Mtu wa miaka 31 atapewa wiki mbili.

Ushahidi wa hili ni Mike Hessman. Atlanta Braves walimchagua raundi ya 15 mwaka 1996, na katika miaka karibu 20 iliyofuata akawa mfalme wa ligi ndogo: tarehe 3 Agosti 2015, akiichezea Toledo Mud Hens, alipiga mpira wake wa 433 uliovuka uzio na kuvunja rekodi ya ligi ndogo za Marekani iliyokuwa ya Buzz Arlett tangu miaka ya 1930. (Héctor Espino alipiga mingi zaidi, lakini karibu yote aliipiga Mexico.) Mtu huyohuyo, akijumlisha Braves, Detroit Tigers na New York Mets, alicheza mechi 109 tu za ligi kuu, akapiga mipira 14 ya kuvuka uzio, na kupata mapigo halali 42 katika majaribio 223, yaani pungufu ya moja kwa kila majaribio matano. Nguvu alikuwa nazo, tena nyingi. Alichokosa ni kuugusa mpira mara za kutosha dhidi ya warushaji bora. Nakiri kwamba Hessman namheshimu kuliko nyota wengi wa msimu mmoja, lakini ningekuwa meneja wa ligi kuu nisingempa nafasi ya kudumu.

Sasa nifike kwenye ile orodha, ambayo watazamaji wengi hawaijui ingawa ndiyo inayoamua maisha ya watu hawa. Kila klabu ya ligi kuu ina wachezaji 26 wanaoruhusiwa kucheza usiku wa leo. Nyuma yao ipo orodha ya watu 40, ambayo ndani yake wamo hao 26 pamoja na wengine 14 hivi wanaocheza ligi ndogo. Asiye kwenye orodha ya 40 hawezi kucheza ligi kuu mpaka aandikwe humo, na kila siku karibu nafasi zote zinakuwa zimejaa. Mwezi Novemba klabu hulazimika kuwaandika vijana wake waliotimiza miaka minne au mitano tangu wasaini, la sivyo klabu nyingine zinaweza kuwachukua Desemba kwa dola 100,000 tu. Kwa hiyo nafasi za orodha hiyo huliwa na vijana ambao baadhi yao hawajawa tayari, lakini klabu haitaki kuwapoteza.

Tazama sasa kinachotokea Chicago mpigaji mmoja akiumia msuli Jumatano usiku. Meneja anataka mtu Alhamisi. Des Moines kuna watu wawili: kijana wa miaka 23 aliye kwenye orodha ya 40, anayepiga wastani, na mtu wako wa miaka 31 asiye kwenye orodha, anayepiga vizuri zaidi. Akiitwa kijana, ni simu moja na safari ya saa tano kwa gari. Baada ya siku kumi majeruhi akipona, kijana atarudishwa Iowa bila gharama, kwa sababu mchezaji wa orodha hiyo ana misimu mitatu ambayo klabu inaweza kumpandisha na kumshusha, ingawa tangu mwaka 2022 haiwezi kumshusha zaidi ya mara tano katika msimu mmoja. Akiitwa mtu wako, lazima kwanza jina la mtu mwingine lifutwe, na huyo aliyefutwa atatangazwa kwa klabu nyingine 29, yoyote kati yao ikiwa na haki ya kumchukua bure au karibu na bure. Siku kumi zikiisha, mtu wako naye kama misimu yake mitatu alishaimaliza zamani, hatashushwa bila kutangazwa vivyo hivyo. Klabu inaweza kupoteza watu wawili kwa ajili ya mechi tisa. Basi inamwita kijana, mtu wako anampa mkono wa kheri, na Ijumaa anacheza tena mbele yenu.

Usidhani hesabu za namna hii huwapata wakongwe peke yao. Kris Bryant niliyemtaja alimaliza mazoezi ya masika ya 2015, yale ya kabla ya msimu, akiwa ndiye mpigaji hatari kuliko wote, na bado Cubs walimrudisha Iowa kuanza msimu. Walimpandisha tarehe 17 Aprili. Mwaka kamili wa utumishi katika ligi kuu huhesabiwa kwa siku 172; Bryant alimaliza msimu ule akiwa na siku 171, na klabu ikapata mwaka mmoja zaidi wa kummiliki kabla hajawa huru kujiuza. Alilalamika rasmi na mwaka 2020 akashindwa. Kama mchezaji bora kuliko wote nchini alikalishwa Des Moines kwa sababu ya siku moja ya kalenda, huna haja ya kushangaa kwamba mtu wa miaka 31 anakalishwa kwa sababu ya mstari mmoja wa orodha.

Kwa nini basi klabu inamweka? Kwa sababu inamhitaji palepale alipo. Msimu wa AAA una mechi 150, na mtu lazima azicheze. Warushaji vijana wanahitaji kupimwa na wapigaji wanaojua kazi. Vijana wapigaji wanahitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kujiandaa siku ambayo mechi imeahirishwa kwa mvua na keshowe kuna mbili, namna ya kula vizuri safarini, namna ya kupokea habari kwamba umeshushwa bila kuvunja kabati. Kocha hawezi kufundisha hayo yote. Hessman alipostaafu aliingia kwenye ukocha wa wapigaji katika mfumo uleule wa Tigers, na njia hiyo hutayarishwa miaka mingi kabla ya mtu kuvua jezi.

Na yeye kwa nini haachi? Hapa lazima tuzungumze fedha kwa uwazi. Zamani, na zamani yenyewe si mbali, wachezaji wa ligi ndogo walilipwa vibaya kiasi cha kutia aibu, wakalala wengi chumba kimoja, na baada ya kesi ya miaka mingi ligi ilikubali mwaka 2022 kuwalipa fidia ya dola milioni 185. Mwaka huohuo wakajiunga na chama cha wachezaji, na mkataba wa kwanza wa pamoja wa mwaka 2023 ukapandisha kima cha chini cha AAA kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa msimu. Klabu nazo zinawapa wachezaji wengi nyumba za kuishi. Mkongwe aliyewahi kuwa huru hujadiliana mwenyewe na anaweza kupata zaidi ya hapo. Kwa Des Moines hilo si pato la njaa, ingawa si la tajiri. Weka kando yake kima cha chini cha ligi kuu, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku ya msimu. Wiki mbili juu zinazidi msimu mzima chini. Siku moja ya ligi kuu humpa mchezaji haki ya kuingia kwenye bima ya afya ya wastaafu wa ligi, na siku 43 humpa haki ya pensheni. Mtu mwenye siku 30 mfukoni ana sababu ya kungoja ambayo haihusiani na ndoto za utotoni.

Kisha kuna kungoja kwenyewe, ambako mara mojamoja hulipa. Drew Maggi alichaguliwa na Pittsburgh Pirates raundi ya 15 mwaka 2010. Septemba 2021 Minnesota Twins walimwita, akavaa jezi, akakaa benchi, akashushwa bila kucheza. Alifikisha mechi 1,155 za ligi ndogo kabla Pirates hawajamwita tena, na tarehe 26 Aprili 2023, akiwa na miaka 33, akatumwa kupiga mahali pa Andrew McCutchen katika awamu ya nane. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Hakufanikiwa kupiga, akatoka. Siku tatu baadaye, Washington, akapata pigo lake la kwanza. Miaka sita kamili kabla ya siku ile, tarehe 26 Aprili 2017, katika uwanja huohuo wa Pittsburgh, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kucheza ligi kuu. Alisaini mwaka 2008, akangoja zaidi ya miaka minane, na jaribio lake la kwanza akapata pigo halali dhidi ya Jon Lester wa Cubs. Vijana wa Uganda waliosainiwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022 walianza safari hiyohiyo kutoka ngazi ya chini kabisa, na mwanao akitaka kufuatilia habari za jirani zetu, hao ndio wa kuanza nao.

Wako pia wanaochoka kungoja wakavuka bahari. Randy Bass alikuwa akiwatesa warushaji wa AAA mwaka hadi mwaka na kila alipopandishwa hakudumu. Mwaka 1983 akaenda Japani kuichezea Hanshin Tigers, na mwaka 1985 akapiga mipira 54 ya kuvuka uzio, akaipa klabu ubingwa, na hadi leo Osaka jina lake linatajwa kwa heshima ambayo Marekani hakuipata. Eric Thames alifanya vivyo hivyo Korea Kusini na NC Dinos kuanzia 2014, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015, kisha Milwaukee Brewers wakamrudisha kwa mkataba wa miaka mitatu na akapiga 31 msimu wa 2017. Na kuna Max Muncy, ambaye Oakland Athletics walimwacha masika ya 2017, Dodgers wakamwokota kwa mkataba wa ligi ndogo, na mwaka 2018 akapiga mipira 35 ya kuvuka uzio katika ligi kuu. Kumbuka kwamba Muncy alikuwa na miaka 27, na kwamba alikuwa amebadilisha kwa makusudi namna ya kuzungusha gongo lake. Anayefika 31 bila badiliko la aina hiyo nisingependa kumpa matumaini makubwa, na lawama yangu kwa klabu ni kwamba hazimwambii hivyo. Humpa mkono, humsifu kwa uongozi wake chumbani, na kumwacha aisome hukumu yake mwenyewe kwenye orodha ya wachezaji.

Hilo limeanza kuwa gumu zaidi kwa wakongwe, kwa sababu tangu msimu wa 2024 kila klabu inaruhusiwa wachezaji 165 tu wa ligi ndogo nchini Marekani wakati wa msimu, badala ya 180. Nafasi 15 zilizopotea hazikuondolewa kwa vijana wa raundi ya kwanza.

Kuhusu mwakani, basi. Mchezaji mwenye miaka mingi ya ligi ndogo ambaye hayumo kwenye orodha ya 40 huwa huru siku tano baada ya fainali ya ubingwa, yaani mapema Novemba, na anaweza kusaini na klabu yoyote kati ya 30. Chicago wakimtaka atarudi Iowa. Wasipomtaka, huenda mkamwona akija Des Moines na jezi ya timu nyingine ya AAA, kwa kuwa timu za ngazi hiyo hutembeleana kwa mechi sita mfululizo, Jumanne hadi Jumapili. Mwambie mwanao atazame matangazo ya usajili wa ligi ndogo kati ya Novemba na Januari. Jina lake likitokea likifuatana na maneno kwamba amealikwa kwenye mazoezi ya masika ya timu kubwa, bado kuna klabu inayoamini anaweza kuisaidia. Akisaini bila mwaliko huo, ameajiriwa kwa ajili ya AAA. Na Februari ikifika hajasaini popote, Marekani wala ng'ambo, tafuteni jina lake katika orodha za makocha, ambazo klabu nyingi huzitangaza kabla ya msimu kuanza.